Ardhi, Meli na Muhuri: Serikali Zinavyowasaidia Wanaosaidia

Ndugu zetu wanaotayarisha kitabu hiki cha kila mwaka wameniomba niandike juu ya jambo lililozungumzwa sana barazani kwetu tangu mwaka 2025: haya mashirika makubwa ya misaada, Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu, UNHCR ya wakimbizi, WFP ya chakula na wenziwao, nguvu zao wanazipata wapi, na serikali zina mkono gani ndani yake. Neno lilianzia katika kikao cha mfuko wetu wa jamaa. Vijana walisema mashirika hayo ni ya serikali kubwa tu, na maadam serikali hizo zimefunga mifuko yao, basi mashirika yamekwisha na hapana haja ya sisi kutia riali zetu humo. Wazee wakajibu kwamba wao tangu zamani walisema sadaka ni ya mkono kwa mkono, umpe unayemjua. Kikao kikavunjika kwa chai na mandazi, na swali likabaki pale pale.

Mimi nilikuwa mwalimu, na mwalimu hata akistaafu haachi kueleza. Basi nivumilieni.

Tuanze na fedha, kwa sababu ndizo zilizoleta maneno. UNHCR, lililoanza kazi mwaka 1951, halina fungu kubwa la lazima kutoka Umoja wa Mataifa. Karibu matumizi yake yote yanatokana na michango ya khiari, na sehemu kubwa ya michango hiyo hutoka kwa serikali. WFP ndivyo hivyo hivyo. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ya Geneva, iliyoundwa mwaka 1863, nayo hutegemea zaidi serikali. Na miongoni mwa serikali hizo moja ilikuwa imebeba mzigo kuliko zote. Mwaka 2024 Marekani peke yake ilitoa karibu na nusu ya fedha zote za WFP. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huo ofisi yake ya misaada, USAID, ikafungwa. Uingereza nayo ikatangaza kwamba hadi kufikia 2027 itapunguza misaada yake kutoka asilimia 0.5 ya pato la taifa hadi asilimia 0.3. Mwezi wa Juni 2025 UNHCR likasema linaondoa nafasi za kazi 3,500. Kule Kakuma, kaskazini mwa Kenya, chakula cha wakimbizi kilipunguzwa hadi kikawa chini ya nusu ya kinachostahiki, na watu wakaandamana.

Mkono mtupu haulambwi. Katika hilo vijana wetu wamesema kweli.

Lakini wamekosa jambo moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuandika. Wao wamedhani msaada wa serikali kwa mashirika haya ni hundi ya benki. Hundi ni sehemu moja. Sehemu nyengine, na mara nyingi ndiyo iliyo kubwa, haihesabiki kwa dola: ni ardhi, ni njia, ni meli, ni askari wa kulinda ghala, ni muhuri juu ya karatasi. Na sehemu hiyo haitoki Washington wala London. Hutoka kwa serikali ya mahali penyewe, ambayo pengine ni masikini.

Wale katika sisi waliozaliwa Ujiji, au Kigoma, au Buyenzi kule Bujumbura, wanaijua meli ya Liemba. Ilijengwa Ujerumani mwaka 1913, ikavunjwa vipande vipande, ikatiwa makashani, ikaletwa Dar es Salaam na kupandishwa gari la moshi, ikaungwa upya Kigoma na kushushwa majini mwaka 1915. Mwaka wa pili yake Wajerumani wakaizamisha wenyewe isitekwe na adui, Waingereza wakaja kuiibua, na tangu 1927 inaitwa Liemba. Meli hiyo ni mali ya serikali ya Tanzania.

Sasa, mwezi wa Aprili 2015 kulizuka machafuko Burundi, na watu wakaanza kukimbia. Wengi walishukia Kagunga, kijiji kidogo cha Tanzania ukingoni mwa Ziwa Tanganyika, karibu kabisa na mpaka. Kagunga ina ziwa mbele na milima nyuma. Wakati ule gari haikuwa ikiingia. Kufika katikati ya Mei watu kama elfu hamsini walikuwa wamebanana katika ufuo ule mwembamba, maji ya kunywa ni yale yale ya ziwa, na kipindupindu kikaingia. UNHCR walikuwa na fedha wakati ule. Mahema walikuwa nayo, na dawa pia. Lakini mahema yapo Kigoma na watu wapo Kagunga, na katikati ni maji.

Ikatolewa Liemba. Iliwachukua watu kama mia sita kwa safari moja, ikaenda na kurudi, ikaenda na kurudi. Kagunga hapakuwa na gati, basi wavuvi wa pale wakawa wanawapakia watu katika mitumbwi yao na kuwasogeza hadi ubavuni mwa meli, wazee na watoto wakipandishwa mmoja mmoja. Kigoma walipumzishwa katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika, kisha mabasi yakawapeleka kambi ya Nyarugusu, wilaya ya Kasulu. Kwa Liemba hii haikuwa mara ya kwanza. Mwaka 1997 meli hiyo hiyo iliwarudisha kwao makumi ya maelfu ya Wakongo, baada ya kuanguka Mobutu. Ukiniuliza serikali ya Tanzania iliwapa UNHCR nini mwaka 2015, sitakutajia fedha, nitakutajia meli ya miaka mia moja, na mabaharia wake, na uwanja wa mpira.

Mambo haya Tanzania hawakuyaanza juzi. Mwaka 1964, ilipokuwa dola changa isiyo na kitu, serikali ya Tanganyika, kisha Tanzania, ilifunga mapatano ya pande tatu: serikali yenyewe, UNHCR, na Shirikisho la Walutheri Duniani, ambalo liliunda chombo chake kilichoitwa TCRS kwa kazi hiyo. Mapatano yalikuwa mepesi kuyafahamu. UNHCR watafute fedha. Walutheri wafanye kazi: wachimbe visima, wajenge zahanati na skuli. Serikali itoe ardhi. Na ardhi ikatolewa. Waliokuja kutoka Rwanda wakapewa Mwesi, kule Mpanda. Waliokuja kutoka Msumbiji wakapewa Rutamba, Lindi, na kwengineko kusini. Warundi waliokimbia mauaji ya 1972 wakapewa Ulyankulu, Tabora, na Katumba, na baadaye Mishamo. Haikuwa ardhi ya kupiga hema tu. Yalikuwa mashamba. Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe, na pale jembe lilitolewa kweli. Miaka haikupita mingi watu wale wakawa wanajilisha wenyewe na kuuza mahindi na tumbaku. Mwaka 1983 Mwalimu Nyerere akatunukiwa nishani ya Nansen, ambayo ndiyo kubwa ya UNHCR. Na mwaka 2014 Warundi wa 1972 na watoto wao, zaidi ya watu 162,000, wakapewa uraia wa Tanzania.

Najua katika nyumba zetu yapo maneno mengi juu ya Mwalimu Nyerere, na mengine yana haki yake. Hapa nazungumzia ardhi ya wakimbizi, na katika hilo sioni aliyempita.

Tukitaka kupima thamani ya serikali inayotoa mkono, tuangalie miezi mitatu ya mwaka 1994, pande mbili za nchi moja. Tarehe 28 Aprili watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja. UNHCR wenyewe walisema hawajapata kuona mfano wake. Walipelekwa mahali paitwapo Benaco, jina la kampuni ya kigeni ya barabara iliyokuwa na kituo chake pale. Kulikuwa na barabara ya lami, kulikuwa na bwawa dogo la maji, kulikuwa na serikali ya wilaya, na kulikuwa na Msalaba Mwekundu wa Tanzania, chama kilichowekwa kwa sheria ya Bunge tangu mwaka 1962. Wakimbizi waliteseka, lakini kambi ilisimama.

Mwezi wa Julai mkondo wa pili ukaenda Goma, katika nchi iliyokuwa ikiitwa Zaire. Huko walikwenda watu wengi zaidi, na ardhi yenyewe ni jiwe jeusi la volkano, kaburi halichimbiki. Dola ya Mobutu ilikuwa imeoza. Kipindupindu kiliua watu kama elfu hamsini katika mwezi wa mwanzo. Waliobakia walitawaliwa na wale wale waliofanya mauaji ya Rwanda: wao ndio waliogawa chakula, wao ndio waliotisha watu wasirudi kwao. UNHCR liliomba walinzi kutoka mataifa makubwa, hakuna aliyeleta. Mwaka 1995 likalazimika kuwalipa askari 1,500 wa Zaire ili walinde kambi. Hebu fikirini: shirika la kusaidia watu linaajiri askari wa serikali kufanya kazi ambayo serikali ilipasa kuifanya bure. Fedha zilikuwapo Goma, tena nyingi, kila kamera ya dunia ilikuwa pale. Kilichokosekana ni dola.

Nisije nikaonekana naisifu Tanzania tu. Mwaka 1995 iliufunga mpaka wake, na tarehe 5 Disemba 1996 serikali na UNHCR zikatoa tangazo la pamoja kwamba Wanyarwanda wote wanatazamiwa wawe wamerudi kwao kabla ya kwisha mwezi. Wengine walikimbilia porini kuelekea mashariki, jeshi likawageuza. Karibu nusu milioni ya watu walivuka daraja lile lile kurudi. Wengi wa wenye kuzifuatilia khabari hizi waliwalaumu UNHCR kwa kutia jina lao katika tangazo lile, na mimi ni miongoni mwao. Lakini naelewa walivyonaswa. Mwenye ardhi akisema basi, mgeni wa mgeni atasema nini? Na Tanzania nayo ilikuwa na lake la kusema, kwamba misitu ya Ngara na Karagwe imekatwa kuni ikabaki vipara, na wale waliokuwa wakiisifu mwaka 1994 hawakuonekana tena kuja kupanda miti.

Kenya ina mifano yake, na sisi watu wa pwani unatuhusu mmoja khasa. Mwezi wa Januari 2001, baada ya watu kuuawa katika maandamano kule Unguja na Pemba, zaidi ya watu elfu mbili walivuka kutoka Pemba kwa majahazi wakafika Shimoni. Serikali ya Kenya iliwapokea na UNHCR wakaandikishwa jukumu lao. Kisha walihamishiwa Dadaab, jangwani, mbali na bahari, na hilo liliwauma sana watu waliozoea mkarafuu na dagaa. Wengi wao walirudi kwao baadaye.

Na ipo Lokichoggio. Zamani ilikuwa kijiji cha wafugaji wa Kiturkana karibu na mpaka wa Sudan. Mwaka 1987 Msalaba Mwekundu wa Geneva walifungua hospitali pale, mahali paitwapo Lopiding, ya kuwatibu waliojeruhiwa katika vita vya kusini mwa Sudan. Mwaka 1989 Umoja wa Mataifa ulipatana na serikali ya Khartoum na waasi kwamba chakula kipitishwe kwa pande zote mbili, na Kenya ikakubali uwanja wa ndege wa Lokichoggio uwe kituo. Kwa zaidi ya miaka kumi na tano ndege za mizigo zikaruka kutoka pale kwenda kuangusha magunia ya mtama na mahindi huko kusini. Kenya ilifaidika kwa kodi na kwa ajira, na hakuna ubaya katika hilo. Lakini ingekataa, njaa ya Bahr el Ghazal ya 1998 ingeua watu wengi zaidi kuliko ilivyoua. Hospitali ya Lopiding ilikabidhiwa serikali ya Kenya mwaka 2006, baada ya Wasudani kupatana.

Sasa nieleze juu ya muhuri, jambo ambalo jamaa zetu wengi wamelionja bila ya kulifahamu. Mwaka 2011, ilipotangazwa njaa Somalia, binti wa ami yangu aliyeko Portsmouth na wenzake walikusanya mablanketi, nguo na maziwa ya unga, wakajaza kontena zima wakalipeleka bandari moja ya Afrika Mashariki. Nia njema, mali ya halali. Kontena lilikaa bandarini miezi minne. Lilidaiwa ushuru, kisha likadaiwa kodi ya kukaa, na kodi ya kukaa ikapita thamani ya vilivyomo. Maziwa yakapita tarehe. Hatimaye nguo zilitoka na zikagawiwa watu wa karibu, si wale waliokusudiwa. Binti yule alinipigia simu akilia: “Ami, wao hawana huruma?”

Nilikwenda kumuuliza mwanafunzi wangu mmoja wa zamani, aliyefanya kazi ya forodha hapa Oman miaka mingi. Akacheka kwa adabu akaniambia: “Mwalimu, huruma tunayo, ila huruma haina namba ya kuandikia. Nikiona kontena la mtu binafsi, kwangu ni bidhaa. Nitajuaje kuwa ndani hakuna kitu chengine? Likija la shirika lililosajiliwa, lina barua ya wizara, lina orodha, lina msamaha wa ushuru. Natia muhuri, linakwenda.”

Ndiyo siri yenyewe. Upo mkataba wa mwaka 1946 unaosema kwamba vitu vya Umoja wa Mataifa kwa kazi zake rasmi havilipiwi ushuru. Na mashirika mengine makubwa hufunga mapatano na kila nchi wanayofanyia kazi, ya kueleza nani ataingia kwa viza gani, gari zao zitapita wapi, redio zao zitatumia mawimbi gani, na ghala zao zitalindwa na nani. Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa mwaka 1991 liliazimia kwamba msaada hutolewa kwa ridhaa ya nchi yenye maafa. Ridhaa ni neno fupi, lakini ndani yake zimo karatasi zote hizo. Karani mmoja akiitia karatasi mtotoni mwa meza akaenda likizo, watoto hawali. Nawaambia haya vijana wetu walioko bandarini Suhar na Salalah, walioko uwanja wa ndege, walioko wizarani. Msidhani kazi yenu haina thawabu.

Tuje nyumbani. Oman iliingia Umoja wa Mataifa mwaka 1971, mwaka mmoja tu baada ya Sultan Qaboos, Mungu amrehemu, kushika nchi na kuwaita walioko nje warudi kujenga kwao, wito ambao wengi wa wasomaji wa kitabu hiki wasingekuwa hapa bila ya huo. Haikuwahi kutia saini mkataba wa wakimbizi wa 1951. Mwaka 1996, kwa amri ya Sultan, iliundwa Al-Hay'a al-Umaniyya lil-A'mal al-Khayriyya, taasisi ya Oman ya amali za kheri, na kwa mkono wake misaada ya nchi hupelekwa nje na ndani. Tuliiona kazi ya watu wa kheri ndani ya nchi hii wakati wa kimbunga cha Gonu mwaka 2007, na tena Shaheen ilipoipiga Batinah mwezi wa Oktoba 2021 na vijana kutoka mikoa yote wakaenda Khaburah na Suwaiq na majembe ya kutoa tope.

Lakini msaada mkubwa wa Oman kwa mashirika ya dunia haukuwa wa riali. Umekuwa wa mlango. Tangu vita vya Yemen vilipopamba moto mwaka 2015, Oman haikujiunga na upande wowote, na kwa hivyo imebaki mahali ambapo pande zote zinaweza kuteremka. Shehena za misaada zimepita kwa nchi kavu kutoka Salalah kuingia Mahra. Mwezi wa Oktoba 2016, baada ya ukumbi wa matanga kupigwa mabomu Sana'a na watu zaidi ya mia moja kufa, ndege ya Oman ilikwenda kuwachukua majeruhi 115 wakaja kutibiwa Muscat. Mwezi huo huo mfanyakazi mwanamke wa Msalaba Mwekundu, aliyetekwa Sana'a tangu Disemba 2015, aliachiwa kwa juhudi za Oman akaletwa hapa. Kila mwaka Msalaba Mwekundu hutumia mamilioni kusaidia watu, lakini kumtoa mmoja wao mikononi mwa watekaji mamilioni hayo hayakufaa kitu. Kilichofaa ni simu kutoka kwa mtu anayeaminiwa.

Mabaharia wa ukoo wetu wataikumbuka khabari ya meli iitwayo Galaxy Leader. Ilitekwa Bahari ya Sham tarehe 19 Novemba 2023 na watu wake 25, Wafilipino wengi wao, na wengine Wabulgaria, Waukraine, Wamexico na Mromania. Hao hawakuwa na ugomvi na yeyote, walikuwa kazini. Walikaa miezi kumi na minne. Tarehe 22 Januari 2025 walikabidhiwa Oman. Na mwaka 2024 wajumbe wa pande za Yemen walikaa Muscat kuzungumzia kubadilishana wafungwa, Umoja wa Mataifa na Msalaba Mwekundu wakiwa wasimamizi. Mambo haya hayapigiwi ngoma hapa. Unasoma mistari minne gazetini, basi.

Mlango wenyewe hata hivyo hauwezi kila kitu. Makumi ya wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa, Wayemeni wenyewe, walikamatwa kwa mafungu tangu Juni 2024, na mwezi wa Februari 2025 mmoja wa WFP alifia kizuizini.

Yupo atakayeniuliza: ikiwa serikali ndizo zenye fedha, ardhi na muhuri, mashirika haya si watumishi wao? Ni swali zuri. Madaktari wasio na mipaka, MSF, walilijibu kwa vitendo. Mwaka 2016 walikataa kuendelea kupokea fedha za Jumuiya ya Ulaya na nchi zake, kwa kuchukizwa na mapatano ya Ulaya na Uturuki juu ya wakimbizi. Waliweza kukataa kwa sababu karibu fedha zao zote hutoka kwa watu binafsi, mamilioni ya watu, kila mmoja kidogo. WFP haliwezi kukataa hivyo. Cha bure ghali, wasema watu wetu. Lakini angalieni kwamba hata MSF, wanaojitegemea kwa fedha, hawajitegemei kwa njia. Wakinyimwa viza, daktari wao hukaa hotelini.

Kwa hiyo narudi kwenye mfuko wetu. Wazee wanasema tumpe tunayemjua, na hapana anayepinga: shangazi mgonjwa Tanga na yatima wa Mkoani wana haki ya mwanzo juu yetu. Lakini mtu wa Nyarugusu hatumjui, na hatutamjua, naye yuko katika wilaya ya Kasulu ambako babu za baadhi yetu walikuwa na maduka. Kontena la kwetu wenyewe halitamfikia, tumeona. Kuchangisha watu ovyo hapa Oman bila ya ruhusa ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii ni kosa kisheria, na ni sawa liwe kosa, kwani kabla ya hapo kila msiba ulikuwa na mabakuli yake na hapakuwa na hesabu. Njia zilizo wazi zipo. Ipo taasisi ya Oman niliyoitaja. Na kwa wale jamaa walioko Ulaya, tangu mwaka 2019 UNHCR wana mfuko wao wa zaka kwa wakimbizi, nao wanasema zaka inayotiwa humo huenda yote kwa wenye kustahiki. Ibn sabil, msafiri aliyekatikiwa na njia, ametajwa katika watu wanane.

Riali zetu mia mbili au tatu hazitaziba pengo aliloliacha Mmarekani, hilo nalijua kama ninavyojua jedwali la mara. Ila pengo hilo limewafanya wenye ardhi na muhuri wawe na neno zaidi kuliko zamani, na wenye ardhi hao wana shinikizo la kwao. Mwaka 2018 Tanzania ilijitoa katika mpango mmoja mkubwa wa wakimbizi wa Umoja wa Mataifa, ikitaja usalama na ukosefu wa fedha zilizoahidiwa. Mwaka 2021 kambi ya Mtendeli ikafungwa. Serikali inayopokea wageni ikiona hakuna hata mmoja anayemsaidia kubeba, itauliza kwa nini ibebe yeye. Fungu dogo linalotoka Muscat, likipita njia ya serikali na serikali, litamwambia mwenye kutoa ardhi kwamba wapo wanaoiona.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu moja katika kumi ya mfuko, baada ya haki za jamaa kutolewa, ipelekwe kila mwaka kwa njia iliyosajiliwa, na risiti isomwe kikaoni mbele ya watu wote, wanawake wakiwemo, kwani nusu ya fedha zenyewe ni zao. Mweka hazina amenijulisha kwamba hesabu za mwaka hufungwa mwisho wa Shaabani. Anayetaka kulisemea hili, kwa kukubali au kwa kukataa, ampelekee jina lake kabla ya hapo.